Shahidi wa Programu ya Bure

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka minane, baba yangu alikufa, na shule yangu ikafa naye. Nilikuwa nimefika darasa la pili. Mama alinishika mkono mpaka kwenye gereji moja ya hapa mtaani Buyenzi, akaniacha kwa fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu, akamwambia neno moja tu: "Huyu mutoto asilale bila kula." Hakumwambia anifundishe kazi. Kazi niliiba mwenyewe kwa macho, huku naosha vyuma kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikawa kama karatasi iliyoloa.

Kusoma nilijifunza kwenye vyuma vilevile. Kila piesi, yaani kila kipuri cha gari, imepigwa namba na herufi mwilini mwake, na mimi nilizijua namba hizo kabla sijaweza kuandika jina langu. Mpaka leo barua ya ofisini inanichosha, naiweka chini nusu. Lakini niwekee piesi mkononi, nitakuambia ni ya gari gani, injini gani, upande wa kushoto au wa kulia. Sisemi hivi kujisifu. Au tuseme najisifu, maana nani mwingine atanisifu?

Sasa, biashara ya piesi zilizotumika ina ugonjwa wake, nao ni wizi. Gari linalala Kinindo, kwa wenye nacho, likiwa na vioo vya pembeni viwili, linaamka na kimoja, na kile kingine asubuhi hiyohiyo kinatembea Buyenzi kikitafuta mnunuzi. Ndiyo maana sisi wa zamani tuliwekeana desturi. Mtu akiniletea piesi mkononi, simuulizi bei. Namuuliza, "Shahidi wako yuko wapi?" Anakwenda kumleta mtu wa mtaa, mwenye mlango unaojulikana. Wanakaa wote wawili kwenye benchi langu, wanapewa chai, na shahidi anasema kwa kinywa chake: huyu namjua, na kitu hiki najua kilikotoka. Hatuandikiani chochote. Mambo yakiharibika hatumtafuti muuzaji, maana muuzaji atakuwa ameshavuka mpaka. Tunakwenda kukaa mlangoni kwa shahidi.

Na kitu cha bure ndicho kinachohitaji shahidi kuliko vyote. Jirani yangu mmoja, Mungu amrehemu, aliachiwa sanduku la gia na mtu aliyemwambia, "Chukua tu, mzee, mi sina haja nayo." Akachukua, akashukuru, akamwombea na dua. Polisi walifika na mwenye gari kabla oili haijakauka kwenye ile gia. Tangu hapo, mtu akinitolea neno "bure" mimi naangalia nyuma yake kuona nani anamfuata.

Haya nayaeleza mapema ili msinicheke nitakapofika kwenye kompyuta.

Kompyuta niliinunua kwa sababu ya wateja. Zamani mteja alikuja na piesi iliyovunjika, ananiwekea mezani, namalizana naye. Siku hizi anakuja na namba ya shasi imeandikwa kwenye simu, anataka utafute kwenye katalogi ya ndani ya mashini, uone piesi yake ina namba gani, ndipo uinue mguu kwenda kwenye rafu. Duka lisilo na katalogi linaonekana duka la vyuma chakavu. Basi nikanunua moja, ya Windows kama za wenzangu wote, nikaiweka kwenye kaunta karibu na mizani. Binti yangu, kitinda mimba wangu, anayefanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja huko Kinindo, alinionyesha mahali pa kuandika namba na mahali pa kubonyeza. Nilijifunza. Mtu aliyejifunza injini ya dizeli bila mwalimu hatashindwa na kitu kilicholala mezani.

Kilichonishinda ni macho.

Yalianza polepole. Kwanza nilidhani taa ya duka imechoka, nikabadilisha taa. Kisha nikadhani kioo cha kompyuta kimechafuka, nikawa nakifuta kwa kanzu kila saa. Mwisho nikaenda kwa daktari wa macho, akanipulizia upepo kwenye jicho, akaniambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone nitakayotia kila siku ni ya kulinda kilichobaki. Jicho la kulia halikuwa na cha kulindwa. La kushoto lilikuwa na ukungu, na mwanya katikati ya ukungu.

Nilimwambia mke wangu peke yake. Watoto sikuwaambia, na mafundi ndiyo kabisa. Buyenzi ukisema asubuhi kwamba huoni, mchana watu wanakuletea beringi iliyochakaa wanakuambia ni mpya.

Nikaendelea kuuza kwa mikono. Piesi nilizitambua kwa kuzishika, na hakuna aliyejua. Lakini kompyuta haishikiki. Herufi zake ni kama sisimizi, na sisimizi hao walikuwa wanakimbia. Siku moja nikasoma tatu mahali palipokuwa na nane, nikamuuzia dereva mmoja wa lori pompa ya maji isiyokuwa yake. Fundi wake akailazimisha. Lori likazimika mlimani, na mzigo wa ndizi ukaivia barabarani. Yule dereva alirudi na ile pompa, akaiweka kwenye kaunta mbele ya watu, akasema, "Mzee, we ulikuwa mutu wa kuaminiwa." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mwanangu wa kwanza, ambaye tunafanya naye kazi dukani, alingoja wateja waondoke.

"Baba, umechoka," akasema.

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Pompa imeniambia. Baba, sikia. Idd ikipita, mi nitakaa kwa kaunta. We utakuwa unakuja kutusalimia."

Kutusalimia. Duka nimelijenga mimi, kuanzia kreti moja ya piesi niliyokuwa naitandika chini karibu na soko, na sasa nije kusalimia. Nimewaona wenzangu walioambiwa wapumzike. Wanakaa kwenye baraza ya msikiti, wanasikiliza nani kafa, mpaka zamu yao inafika. Mwanangu alidhani ni kichwa changu kinachopotea, na mimi nikashindwa kumwambia ni macho, maana sikujua lipi kati ya mawili litanitoa kwenye kiti haraka zaidi. Ramadhani ilikuwa bado miezi kama minne. Huo ndio muda niliokuwa nao.

Nilimwendea mtu mmoja mwenye duka la kuta za vioo huko mjini kati, anayeuza kompyuta na programu. Nikamwambia nataka kitu cha kukuza herufi, ziwe kubwa kama za bango. Akasema anacho, kizuri, kinatumiwa na makampuni. Nikalipa. Akanipa risiti yenye muhuri, akaja mwenyewe kukiweka. Na kweli, herufi zikawa kubwa kama mikate. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mwepesi. Sikumuuliza shahidi. Mtu ana duka la vioo, ana kiyoyozi, ana muhuri, umuulize shahidi wa nini? Nimelipa, basi ni halali. Ndivyo nilivyofikiri, na nawaachia mfikiri nanyi.

Wiki chache zilipita, ile programu ikaanza kusimama. Katikati ya kutafuta piesi inafungua kisanduku, inadai ufunguo. Nampigia simu yule wa mjini kati, hapokei. Kisha ikaanza ufisadi. Hajj mmoja mwenye heshima zake alikuja kutafuta breki, nikageuza kioo upande wake ili naye asaidie kutazama, na badala ya breki kikatokea kitu cha kubeti mpira, na kando yake mwanamke ambaye hakuwa amevaa vya kutosha. Na zile herufi zangu kubwa kama mikate zikamkuza na yeye.

Hajj alitazama dari. "Nitarudi kesho, inshallah," akasema. Hakurudi.

Binti yangu alikuja Jumamosi. Alikaa na ile mashini mchana mzima, mimi nimekaa pembeni nasingizia kupanga misumari. Alipomaliza akageuka.

"Baba, hii programu ulinunua iko ya wizi."

"Usiseme ujinga. Nina risiti."

"Risiti iko ya kweli. Programu yenyewe njo ya wizi. Walivunja kufuli yake, wakaweka yao ndani, halafu wakakuuzia. Ile takataka yote ya kubeti ilipitia hapo."

Miaka yote hii Buyenzi, piesi ya wizi haijawahi kulala dukani kwangu. Na hii imelala, imeamka, imekula umeme wangu, na mimi ndiye niliyeilipia. Yule bwana wa muhuri nimemwachia Mungu, ingawa nikipita mtaa ule huwa natema mate upande wake.

"Iko ingine," binti akasema. "Haikuzi, inasoma. Inakusemesha kwa sauti kila kitu kiko kwa kioo. Inapatikana kwa internet, ni ya bure."

"Apana."

"Baba, hata haujaiona."

"Ya kulipia imeniletea mwanamke uchi mbele ya Hajj. Ya bure itaniletea nini? Na kusomewa ni kwa nini? Mimi shida yangu ni herufi zao ndogo. Macho yangu hayana neno."

Binti yangu hakujibu upesi. Ana tabia ya mama yake, akinyamaza ujue amekuona.

"Sawa," akasema. "Herufi zao ndogo. Lakini unataka nini ndiyo ukubali?"

"Unajua ninachotaka. Lete shahidi."

"Shahidi ya programu?" Akacheka mpaka akashika kaunta. "Baba, waliitengeneza watu wako mbali, hatuwajui."

"Piesi ni piesi. Haina mtu wa kuisemea, hailali kwangu."

Nilidhani nimemfunga. Katika biashara yetu, ukitaka kumkataa mtu kwa adabu unamwambia alete shahidi, na wengi hawarudi. Lakini huyu ni mtoto wangu, nilimzaa na ukaidi wangu wote.

Jumamosi iliyofuata akasimamisha gari lake mbele ya duka, akamteremsha mwanamke mmoja wa makamo, mwenye fimbo nyeupe na msalaba mdogo shingoni. Alikuwa haoni. Anakaa Gasenyi, anafundisha watoto wasioona. Binti yangu alimfahamu kupitia ofisini kwao. Mwanangu alikuwepo, na kwenye benchi walikaa mafundi wawili wa gereji ya jirani, wale ambao wakikosa gari la kutengeneza wanatengeneza maneno.

"Mzee," mmoja akasema, "leo shahidi ameleta piesi gani? Mi naona fimbo tu."

"Nimeleta mdomo," yule mwanamke akajibu kabla sijafungua wangu. "Nasikia hapa njo munauza kwa mdomo. Nisogezee benchi, we mwenye kelele, nikae."

Fundi akasogea. Mimi nikamimina chai kama desturi inavyotaka, nikampa kikombe, nikakaa mbele yake.

"Karibu, mama. Unaijua hii programu?"

"Naitumia kila siku. Kazi yangu yote iko ndani yake."

"Aliyeitengeneza unamjua?"

"Simjui kwa sura," akasema, na wale mafundi wakacheka, na yeye akacheka nao. "Lakini najua jambo moja. Walioianza na wao hawaoni. Walikuwa wanachoka kulipishwa bei ya gari juu ya kusomewa tu."

"Na wanakula nini, kama wanatoa bure?"

"Watu wanawachangia. Wenye nacho wanatoa, wasio nacho wanatumia."

"Hakuna mtu wa namna hiyo," nikasema. "Nimeishi. Mtu anayekupa kitu bure anataka uangalie huku wakati mkono wake uko kule. Labda inachukua namba za wateja wangu, inampelekea mtu. Labda inanisikiliza mimi sasa hivi."

"Mzee, pale musikitini kwenu, maji ya kutawadha munalipisha?"

"Hatulipishi."

"Anayeleta yale maji anakula nini?"

"Watu wanachanga. Ni sadaka."

"Basi. Na wewe ukitawadha unaangalia nyuma kwanza, uone mkono wake uko wapi?"

Benchi lote likacheka. Mwanangu aligeuka akajifanya anahesabu mikanda. Nilisikia joto masikioni. Mkristo wa Gasenyi ananisomesha maji ya msikiti wangu.

"Bomba la msikitini nalijua," nikasema. "Najua fundi aliyelifunga, na anakokaa."

"Vizuri. Na hii, matumbo yake yako wazi. Vile imeandikwa ndani, mutu yeyote mwenye akili ya hiyo kazi anaweza kufungua akatazama, skrubu kwa skrubu. Muulize binti yako. Ile uliyonunua, walikuruhusu kuangalia ndani?"

Hapo alinigusa mahali. Kwetu sisi anayekuuzia injini iliyofungwa ana kitu cha kuficha. Anayeitandaza yote kwenye turubai, kila pete na kila valvu peke yake, huyo unaweza kumsikiliza. Hata hivyo sikuonyesha.

"Maneno ni mengi," nikasema. "Ifanye kazi tuone."

Binti yangu akaiweka. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na hilo nalo halikunipendeza, maana kitu cha maana hakiingii upesi hivyo. Halafu mashini ikasema. Ilisema Kiswahili, lakini Kiswahili gani! Sauti ya mtu aliyebanwa pua na koleo, anasoma kama anayedaiwa. Fundi mmoja akauliza kama imeugua mafua. Mwingine akasema apana, huyo ni karani wa idara, sauti yao njo hiyo.

Yule mwanamke akaomba kioo kizimwe. "Musinipigie taa bure," akasema. Kikazimwa. Nikamtajia namba ya shasi ya gari moja iliyokuwa kichwani mwangu, nikamwambia anitafutie mkono wa chini wa gurudumu la mbele, kushoto. Vidole vyake vikaanza. Ile sauti aliiongezea mwendo mpaka mimi nikawa sisikii neno, nasikia mlio tu, kama mashine ya kushona. Yeye aliinamisha kichwa akasikiliza kama mtu anayesikiliza injini.

Lakini akakwama. Akatuambia wazi. "Hapa kuna michoro. Inaniambia picha, picha, picha, basi. Mchoro haiwezi kusoma, hiyo nisikudanganye. Na chini kuna majina ya Kifaransa, mengi. Mi sijui mkono wa gurudumu unaitwaje kwa Kifaransa."

Nikapenda hapo. Shahidi anayetaja kasoro ya kitu alichokuja kukisemea, huyo ni shahidi. Wengi wanaapa mpaka mate yanakauka.

"Nisomee majina," nikasema. "Polepole."

Akapunguza mwendo. Ile sauti ya pua ikaanza kusoma orodha, na mimi kila jina likipita nalijua, maana gerejini piesi tunaziita kwa Kifaransa, naliona likining'inia chini ya gari mahali pake. Nikamwambia, hapo, hilo, rudi moja. Lenye neno la upande wa kushoto. Akanisomea namba herufi kwa herufi. Nikainuka, nikaenda rafu ya nyuma, nikaweka mkono kwenye ule mkono wa gurudumu, nikaupapasa mahali palipopigwa namba. Ilikuwa ileile. Nikarudi nao, nikauweka kwenye kaunta mbele ya mwanangu.

"Soma," nikamwambia.

Akasoma.

Nikakaa, nikammiminia mgeni chai ya pili. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua inakuja:

"Mzee, nawe huoni."

Wale mafundi wakageuka wote wawili.

"Naona," nikasema.

"Unaona kidogo, labda. Lakini chai ya kwanza ulimimina, ikasimama, ikamiminwa tena. Sasa hivi pia. Umeweka kidole ndani ya kikombe usikie inafika wapi. Mi pia ninaweka. Hakuna mutu anayeona anajiunguza kidole kila siku."

Nilitaka kumfukuza. Ulimi ulikuwa tayari. Shahidi amekuja kuisemea programu, nani amemwita anisemee mimi? Niliwaza wale mafundi wawili, kwamba kabla ya alasiri Buyenzi nzima itajua. Nikageuza uso upande wa mwanangu, nikaona kivuli chake tu, sikuona uso. Hapo ndipo nilipochoka kudanganya. Mtu ukishindwa kuona mwanao amekasirika au analia, unamficha nini tena?

"La kulia limekwisha," nikasema. "La kushoto lina kiasi."

"Tangu lini?" mwanangu akauliza.

"Kabla ya pompa."

"Baba, mi nilidhani..." Akaacha.

"Najua ulidhani nini. Ulidhani mimi ni chizi."

"Sikusema chizi."

"Ulisema nije kukusalimia. Ni kitu kimoja."

Yule fundi mwenye kelele akaona pazito, akakohoa. "Sasa mzee, ile beringi uliniuzia mwezi uliopita, ulijuaje iko mupya?"

"Nilijua iko mpya kama ninavyojua ile uliyojaribu kuniuzia wewe ilikuwa mbovu," nikamwambia. "Ilikuwa inalia mkononi." Mwenzake akampiga bega, wakacheka, na duka likapumua tena.

Mwanangu hakucheka. Alizunguka kaunta, akakaa kwenye kiti changu mbele ya kompyuta. Nikasema basi, hata Idd haingoji. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuchomeka visikizio vyake vya masikioni. Akavichomeka, akainuka, akanipa.

"Wateja wasisikie bei kabla yako," akasema. Ndivyo alivyoniambia. Kuhusu Idd hakusema tena, na mimi sikumkumbusha.

Msidhani niliamini siku hiyo. Yule mwanamke alipoondoka nilimwambia binti yangu achomoe kamba ya internet. Nilitaka kujua kama programu itanyamaza ikikosa mtu wa kupelekea habari zangu. Haikunyamaza. Ilikaa bila internet wiki nzima, ikisoma tu kwa pua yake. Nikamwambia aichomeke, nikakaa naisikiliza kama inasema neno lisilo lake. Halafu nikamtuma mtu mwingine kabisa, kijana wa kompyuta asiyemjua binti yangu, aje aangalie. Akasema haina neno. Nikamuuliza shahidi wake yuko wapi, akadhani natania.

Polepole binti akaniwekea na nyingine za bure, moja ya kuandikia, ambayo ndiyo ninayoandikia haya kwa vidole viwili huku yule mwenye mafua ananitajia kila herufi, na moja ya kufagia uchafu wa namna ya yule mwanamke wa Hajj. Kila moja nimeiuliza mwenyewe wake. Mpaka leo bado nauliza. Mwalimu wa Gasenyi akinipigia simu ananiuliza, "Mzee, bado haijakuibia?" Namwambia bado naichunguza.

Mwaka huu mwanangu aliagiza piesi kutoka ng'ambo kwa kutumia ile mashini, na kabla hajabonyeza aliniita nisikilize namba zote. Nilimkamata kwenye mbili. Alikuwa amesoma haraka, kwa macho yake mazima.

Leo nina hivi:

Nyumba ya matofali Buyenzi, vyumba sita, yenye hati.

Duka moja, rafu nne, na stoo nyuma.

Kiwanja Gasenyi, bado hakijajengwa.

Pikapu, anaendesha mwanangu.

Mke mmoja, watoto watano walio hai, wajukuu siwahesabu hadharani.

Kompyuta moja, na programu tatu ambazo sikuzilipia na wala sikuziiba.

Jicho moja lenye kiasi.

Kiti cha kaunta. Ninakikalia mimi.